Kusomea usanifu wa ndani, na usimamizi wake, katika chuo cha ufundi ukiwa Kisumu au Magharibi mwa Kenya

Wengi wanaoniuliza kuhusu kozi hii huanza na rangi. Wameona sebule fulani kwenye simu, ukuta wa kijani na taa za duara, wakasema moyoni: hii naiweza. Huenda wanaiweza. Lakini katika kazi ya wiki sita, rangi ni siku mbili tatu tu. Siku nyingine zote ni kupima, kukadiria bei, kupanga nani aingie lini, kumpigia simu fundi anayesema yuko njiani na kumbe bado yuko Ahero, na kumweleza mwenye nyumba pesa alizotoa wiki jana zimekwenda wapi. Huo ndio usimamizi, na ndio utakaokulipia kodi. Vyuoni hufundishwa, ila mara nyingi hupitiwa mbio. Haya ni maelezo ya namna ya kuusomea kwa makusudi.

1. Jua unaingia kwa ngazi ipi

Diploma ni Ngazi ya 6, na mlango wake ni alama ya C- katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Cheti cha ufundi ni Ngazi ya 5, kwa aliyepata D. Aliye chini ya hapo huanzia Ngazi ya 4 au ya 3, kisha hupanda. Hakuna aibu hapo. Waliopanda kutoka chini hushika nyundo bila kuogopa, na fundi humtambua mtu wa aina hiyo dakika ya kwanza.

Maombi hupitia tovuti ya KUCCPS, idara ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, au unaenda mwenyewe chuoni. Vyuo vingi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Kabla hujalipa hata shilingi, angalia kama chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013. Nimesema chuo na kozi, vyote viwili. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kufundisha ususi na upishi, halafu kikaongeza "interia", yaani usanifu wa ndani, kwenye bango la barabarani kwa sababu watu wanaiulizia.

Kama hakuna chuo karibu nawe chenye kozi ya jina hili, usifunge safari ya Nairobi haraka. Tafuta ujenzi, uchoraji wa ramani za majengo, useremala, au ushonaji wa mapazia na vitambaa vya nyumbani. Polytekniki za vijijini, ambazo Katiba ya 2010 iliziweka chini ya kaunti, hufundisha useremala na ushonaji kwa karo ndogo. Mimi ningemshauri mdogo wangu asome useremala mwaka mmoja kwanza, diploma baadaye. Atakuwa anajua mbao inavyojikunja kabla ya kuichora.

Na kama tayari wewe ni fundi wa miaka kumi usiye na karatasi, kuna mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kutoka Gredi ya III hadi ya I, na NITA ina kituo chake papa hapa Kisumu. Uliza pia kuhusu utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa.

2. Kitembelee chuo saa ya chakula cha mchana

Siku ya maonyesho kila kitu hung'aa. Nenda Jumanne ya kawaida, saa saba, simama karibu na kibanda cha chapati, uongee na wanafunzi wa mwaka wa pili. Waulize mambo matatu. Kompyuta ngapi zinawaka? Nilikosoma mimi zilikuwa kumi na mbili, zikifanya kazi nane, nasi tulikuwa darasa la watu thelathini na moja. Mwalimu wa makadirio ya bei amewahi kusimamia mjengo, au anasoma kutoka kitabuni? Na mara ya mwisho kupelekwa kwenye nyumba inayojengwa ilikuwa lini?

Kisha omba kuona jalada la kazi la mwanafunzi aliyemaliza. Katika mfumo wa sasa wa umilisi hupimwi kwa karatasi ya mtihani peke yake. Unatakiwa kuwa na jalada la ushahidi wa kazi ulizofanya kwa mikono yako, na mwishoni unaambiwa umehitimu umilisi au bado. Ukionyeshwa jalada lenye picha za intaneti zilizokatwa na kubandikwa, umeshapata jibu.

3. Karo na vifaa

Kuhusu karo sina mengi. Omba orodha kamili ya malipo kwa maandishi, ikiwemo ya mtihani na ya mafunzo ya nyanjani, maana hizo ndizo hujitokeza baadaye. Omba mkopo wa HELB mapema; wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaruhusiwa. Peleka fomu za basari za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, siku zinapotolewa, usingoje siku ya mwisho.

Vifaa usinunue vyote. Anza na futikamba ya chuma ya mita 5, rula ya kuchorea ramani kwa kipimo kilichopunguzwa, yenye 1:20, 1:50 na 1:100, penseli, karatasi za A3, pimamaji ndogo (kile kifaa chenye kiputo cha kuonyesha usawa) na daftari gumu lisilolowa haraka. Programu za kuchorea si lazima uziibe. Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD na Revit bila malipo ukithibitisha kuwa umesajiliwa chuoni, na SketchUp ina toleo la bure linalofanya kazi kwenye kivinjari.

4. Muhula wa kwanza: pima mpaka uchoke

Hapa ndipo ningekuweka kwa miezi mitatu kama ungekuwa mwanafunzi wangu. Pima chumba unacholala, kisha cha jirani, kisha kanisa. Ukuta upime mara tatu: chini, katikati na juu. Utashangaa. Ukuta wenye mita 2 na sentimita 40 sakafuni unaweza kuwa na mita 2 na sentimita 38 juu, kwa sababu aliyepiga plasta alikuwa na haraka. Kabati la kupenya kati ya kuta mbili hukatwa kwa kipimo kidogo kabisa kati ya hivyo vitatu, si kwa wastani wake.

Pima pia kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili. Zikilingana, chumba chako cha mstatili kimenyooka. Zikitofautiana, vigae vitakufichua. Mstari wa mwisho ukutani utaanza mpana na kuishia mwembamba kama kabari. Kona moja peke yake unaipima hivi: weka alama sentimita 60 kwenye ukuta huu na sentimita 80 kwenye ule, kisha pima umbali kati ya alama hizo. Ikiwa 100, kona ni sawa.

Viko vipimo vya kuvijua kwa moyo, kama jedwali la kuzidisha. Kaunta ya jikoni sentimita 90 kwenda juu na 60 kwenda ndani. Meza ya kulia 75, kiti chake 45. Njia ya kupita mtu, 90. Kitanda Wakenya tunakitaja kwa futi, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita, na mteja akikutajia futi usimjibu kwa milimita. Badilisha kimoyomoyo. Mbao za MDF, zile za nyuzi za miti zilizoshindiliwa, na za jipsamu nazo huuzwa kwa ubao wa futi 8 kwa 4.

Kitu kingine ambacho vitabu vingi havikisemi, kwa kuwa viliandikwa kwa nchi za baridi: sisi tuko juu ya mstari wa ikweta. Kibao chake kiko Maseno, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu. Jua letu huchomoza upande wa mashariki na kutua upande wa magharibi mwaka mzima, likisogea kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwishoni mwake, na saa sita hupita juu sana. Dirisha la magharibi hupigwa jua kali la alasiri kila siku, na sofa ya kitambaa cheusi iliyo mbele yake itapauka. Dirisha la kaskazini au kusini hupata mwanga bila kuungua sana. Ukichora mpango wa chumba bila kuandika upande wa mashariki, umechora nusu.

Kisumu ina unyevu wa ziwa na joto. MDF isiyozibwa kingo zake chini ya sinki huvimba kama mandazi. Karibu na maji, taa nyeupe za nje huita wale wadudu wadogo wa ziwani kwa maelfu, wakafunika dari uliyoipaka juzi. Weka taa za nje mbali na mlango, na rangi ya dari iwe ya kufutika. Nakuru ni habari nyingine, iko juu kiasi cha mita 1,850, usiku kuna baridi, na mteja wa kule atakuuliza mazulia na mapazia mazito.

Wakati huo huo jaza sanduku la sampuli. Vipande vya vitambaa, vya mbao, vigae vilivyovunjika, jamvi la mafunjo. Nenda Dunga uone wanavyosuka viti kwa gugumaji, lile gugu lililolivamia Ziwa Victoria miaka ya 1990. Chukua kipande cha jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii. Mteja akishika kitu huamua. Akionyeshwa picha, husema atafikiria.

5. Jifunze kukadiria kabla ya kujifunza kupamba

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, urefu wa kwenda juu mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 15. Zidisha kwa 2.7, kuta zote ni mita za mraba 40.5. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na dirisha la 1.5 kwa 1.2, unabaki na karibu 37. Mikono miwili ya rangi ni 74. Lita moja ikifunika mita 10 za mraba, unahitaji lita 7.4, basi nunua mikebe miwili ya lita 4. Usinunue ndoo ya 20 kwa kuwa muuzaji wa hadiwea amekuambia ni nafuu. Nafuu kwa nani?

Sakafu ya chumba hicho ni mita za mraba 14. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyovunjika na kukatwa, 15.4. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 lina mita 1.44, kwa hiyo maboksi 11. Vyote vinunue siku moja, na usome namba ya toleo kwenye kila boksi. Ukirudi baada ya wiki mbili kutafuta boksi moja lililopungua, rangi yake itakuwa ndugu ya ile ya kwanza, si pacha.

Sasa bei ya kumpa mteja. Tuseme vifaa ni shilingi 80,000, mafundi 40,000, usafiri 6,000. Jumla 126,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, 12,600, inakuwa 138,600. Kisha ada yako ya usimamizi, tuseme asilimia 15, yaani 20,790. Bei ni 159,390. Wanafunzi wengi hufuta mistari miwili ya mwisho kwa kuona aibu, wakasema watapata "kitu kidogo" kwenye vifaa. Hivyo ndivyo unavyoanza kumficha mteja risiti, na akigundua, mtaa mzima wa Milimani utajua kabla ya jioni. Andika ada yako waziwazi. Akitaka punguzo, punguza kazi. Ondoa dari ya jipsamu au badilisha kigae, usipunguze dharura.

6. Ratiba, na friji iliyonifunza

Mpangilio wa kawaida ni huu: kubomoa, kisha nyaya za stima na mabomba ndani ya ukuta, plasta, dari, rangi ya kwanza, vigae, kabati, rangi ya mwisho, taa na swichi, mapazia, usafi. Ukimtanguliza fundi wa rangi mbele ya fundi wa stima, utalipa rangi mara mbili.

Nilijua hayo yote darasani. Halafu nikapata jiko langu la kwanza. Mama mwenye nyumba alikuwa na haraka, wageni wa mahari walikuwa wanakuja, nami nikamruhusu seremala apime kabati za juu kabla ya vigae kuwekwa sakafuni, ili tuokoe siku nne. Kabati zikaja safi, zikapigwa ukutani, nafasi ya friji ikaachwa chini yake kwa kipimo nilichokiandika mwenyewe, pamoja na sentimita moja ya kupumua. Vigae vikawekwa. Kigae na gundi yake vikala sentimita mbili.

Jumamosi asubuhi vijana wawili wakaisukuma friji. Ikaingia nusu, ikagota. Mmoja akainama, akafunga jicho moja, akachungulia kati ya friji na kabati, akasema, "Haingii." Pengo lililokosekana lilikuwa upana wa kidole changu kidogo. Nilikipima kwa kidole kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutoa futikamba. Yule mama aliangalia kwa muda, hakusema neno, akaenda kuleta chai. Aliporudi akaniambia, "Kunywa kwanza, mwanangu. Halafu uniambie nani atalipa." Nililipa mimi. Seremala alizishusha kabati, akakata, akabandika upya utepe wa ukingo, na siku nne tulizookoa zikawa sita.

Tangu hapo ratiba yangu ina safu ya ziada. Safu ya kwanza ni kazi, ya pili ni nani, ya tatu ni siku ngapi, na ya nne ina kichwa "hakianzi mpaka". Kabati la jikoni: hakianzi kupimwa mpaka vigae vimekauka. Pazia: hakianzi kushonwa mpaka fimbo iko ukutani. Ichore kwa mkono kwenye karatasi ya A3, uibandike ndani ya mlango wa mjengo kila fundi aione. Mafundi huisoma, hata wanaosema hawana muda wa karatasi.

7. Kuishi na mafundi

Hili hakuna muhula unaolifundisha, kwa hiyo lifanye kuwa somo lako la Jumamosi. Tafuta seremala mmoja wa karibu, kama wale wa kuzunguka soko la Kibuye, umwombe ukae naye wikendi. Fagia, shika mbao, nunua chai. Utajifunza majina ya kweli ya bawaba na reli za droo, bei zake, na muda ambao kitu huchukua hasa, ambao si ule fundi anaomtajia mteja.

Makubaliano yaandike, hata kwa ujumbe wa simu: kazi gani, kipimo gani, bei gani, lini. Lipa kwa hatua, kwa M-Pesa, ili kuwe na kumbukumbu. Mimi hutoa sehemu ndogo ya kuanzia, nyingine kazi ikifika nusu nikiwa nimeiona kwa macho, na ya mwisho baada ya kukagua. Vifaa nanunua mwenyewe au natuma hela moja kwa moja kwa hadiwea. Fundi mzee ukimrekebisha mbele ya vijana wake umempoteza. Mwite kando, "Mzee wangu, hebu tutazame hapa pamoja," na uweke pimamaji ukutani. Acha kile kiputo kiseme.

8. Mafunzo ya nyanjani, ambayo wote tunayaita atachimenti

Usisubiri chuo kikutafutie. Miezi miwili kabla, peleka barua na jalada lako kwa makandarasi, karakana za samani, hoteli zinazokarabatiwa, hata ofisi za kaunti za majengo. Hakikisha una bima ya ajali kabla hujakanyaga mjengo, pamoja na viatu vigumu na kofia. Ukipewa kazi ya kupiga chapa barua wiki nzima, omba kwa adabu uende na anayenunua vifaa. Siku moja ya kuzunguka hadiwea na mnunuzi ina thamani kuliko wiki ya kuchora sebule ya mtu asiyekuwepo. Kila jioni andika kilichofanyika, nani alikuja, nini kilichelewa na kwa nini. Daftari hilo ndilo ushahidi wako mbele ya mtahini.

9. Majina na karatasi

Ukianza kujitafutia kazi, sajili jina la biashara kupitia eCitizen, chukua PIN ya KRA na kibali cha biashara cha kaunti. Chunga unavyojitambulisha. Kwa Kiswahili sote tunaitwa wasanifu, na inapendeza, lakini cheo cha msanifu majengo kinalindwa na Sura ya 525 ya sheria za Kenya, na anayekitumia lazima awe amesajiliwa na bodi yake. Wewe ni msanifu wa ndani. Mteja akitaka kuondoa ukuta ili sebule ipanuke, hapo si upambaji tena. Kunahitajika mhandisi, idhini ya kaunti, na mkandarasi aliyesajiliwa na NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi. Mwambie hivyo siku hiyo hiyo, hata kama amekuonyesha video ya mtu aliyeangusha ukuta kwa nyundo akicheka.

10. Kukabidhi

Siku moja kabla ya kukabidhi, pita nyumba nzima peke yako na utepe wa karatasi wenye gundi. Bandika kipande kwenye kila kasoro: tone la rangi kwenye swichi, droo inayokwaruza, kigae kinacholia ukikigonga. Warudishe mafundi wamalize. Kisha pita tena na mteja, umpe yeye ule utepe abandike anachokiona, na mwandike pamoja orodha na tarehe ya kumaliza. Malipo ya mwisho yafungwe kwenye orodha hiyo, isiwe kwenye "nikiridhika".

Mwombe ruhusa ya kupiga picha kabla viti havijarudi ndani, asubuhi, madirisha yakiwa wazi. Piga kona ileile uliyoipiga siku ya kwanza ilipokuwa na plasta iliyopasuka. Mimi hupiga na moja ya friji ikiwa mahali pake, mlango wake umefunguliwa wote.